Motaboti za Ziwa Como: panda, kaa na ushuke kama mwenyeji

Una siku moja ya bure Milano. Ulikuja kwa semina, au kumsalimia ndugu anayeishi huko, au ndege yako ni kesho usiku. Usiimalize madukani. Nenda stesheni ya Milano Centrale asubuhi na mapema, kata tiketi ya Varenna-Esino, na baada ya kama saa moja utashuka kwenye mji mdogo ulioegemea mlima. Teremka kwa miguu mpaka majini. Hapo utaziona: motaboti ndogo za mbao, rangi ya asali, vyuma vinang'aa, na nahodha wa shati jeupe asiye na haraka.

Hizo ndizo tunazozifuata leo. Nitakueleza namna ya kuipanda moja, kuifaidi, hata kuendesha ndugu yake wa bei nafuu, bila kuonekana umeokotwa njiani.

Kwanza, jua uko wapi. Ziwa Como lina umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Pale miguu miwili inapokutana ndipo ilipo Bellagio. Mashariki yake ni Varenna, magharibi ni Tremezzo na Menaggio. Pembetatu hiyo ndiyo yenye majumba na bustani unazoziona kwenye sinema. Ukishukia Como mjini, kusini kabisa, utalipia saa nzima ya boti kabla hujafika penye uhondo.

Nenda asubuhi. Pwani kwetu tuna kaskazi na kusi. Wao wana tivano na breva. Tivano hutoka kaskazini alfajiri, tena kwa upole. Breva huja kutoka kusini kuanzia mchana, na siku ya jua kali hulikunja ziwa lote. Saa tatu asubuhi maji ni kioo. Saa nane mchana boti ndogo inadunda na nywele zako zimekwisha kazi.

Kuna sababu nyingine ya asubuhi. Ufuko wa magharibi unatazama mawio, kwa hiyo majumba ya Tremezzo na Lenno hupigwa na jua usoni. Mchana yanabaki kivulini, na zamu ya kung'aa inakuwa ya Varenna. Panga picha zako hivyo.

Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri. Agosti Italia nzima iko likizo, na gati linakuwa kama Kariakoo mkesha wa Idi.

Chagua boti kwa unachokitaka

Amua jambo moja kabla ya kutoa pesa: unataka kuendesha, au unataka uzuri? Kwa saa moja ni vigumu kuvipata vyote viwili.

Ukitaka kuendesha, kodi boti ya faiba yenye injini ya farasi 40. Kwa injini ya kiwango hicho sheria ya Italia haidai leseni ya boti. Wakodishaji hutaka uwe na miaka 18, kitambulisho na amana. Kabla ya kuondoka piga picha ubavu wote wa boti, pande zote mbili, pamoja na panga la injini. Ukikuta mkwaruzo, mwonyeshe mwenye boti hapo hapo. Hatakununia. Atajua umewahi kukodi.

Ukitaka uzuri, chukua boti ya mbao yenye nahodha. Waitaliano huita chombo cha aina hii motoscafo. Saa moja inatosha. Bei kwa kawaida ni ya boti, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa watano au sita mnagawana na maumivu yanapungua. Uliza mambo mawili tu: mafuta yamo ndani ya bei? Na muda unaanza kuhesabiwa tukiwa gatini au tukishang'oa?

Mfukoni hakuna kitu? Panda boti ya abiria ya serikali, inayozunguka mji kwa mji. Kaa nje, upande wa mbele. Utaziona motaboti zote zikipita chini yako, na hakuna atakayekuuliza una shilingi ngapi.

Ipo pia aina nyingine, ya zamani: mtumbwi mpana wenye matao matatu ya mbao juu yake, ya kutandazia turubai. Wenyeji wanaiita Lucia, kwa jina la msichana wa riwaya ya Alessandro Manzoni ambayo kila mtoto wa shule Italia ameisoma. Si ya mbio. Ukiiona imefungwa gatini, isimamie dakika mbili. Mimi binafsi naipenda kuliko zote, lakini ladha haina mwalimu.

Ijue mbao kabla hujaisifu

Usiite kila boti ya mbao Riva. Ni kama kuita kila dawa ya meno Colgate: utaeleweka, ila mwenye boti atatabasamu kwa pembeni. Ziwani Como ziko karakana kadhaa zenye majina yao, na watu wanajivunia ya kwao.

Habari yenyewe ni fupi, ibebe. Pietro Riva alitoka Laglio, kijiji cha hapa hapa Como, akahamia Sarnico, kwenye Ziwa Iseo, na kuanza kazi huko mwaka 1842. Kitukuu chake, Carlo Riva, ndiye aliyeifanya boti ndogo iwe kitu cha kutamaniwa. Alitia injini za Marekani, viti vya rangi mbili kama vya gari la fahari, na dashibodi ya kupendeza. Mwaka 1962 akatoa Aquarama. Jina alilitohoa kutoka Cinerama, sinema za skrini pana za siku zile, kwa sababu ya kioo cha mbele kilichopinda kutoka ubavu hadi ubavu. Boti hiyo iliendelea kuundwa hadi 1996. Ferruccio Lamborghini, yule wa magari, aliagiza ya kwake ifungwe injini mbili za V12 kutoka kiwandani kwake. Na huko Laglio bado kuna karakana yenye jina la Ernesto Riva, inayojitegemea, isiyo ile ya Sarnico. Ukizitofautisha hizo mbili mbele ya nahodha, safari yako itarefuka dakika kumi bila malipo.

Sasa tumia macho. Anza na sitaha ya mbele. Mbao za mahogani, za ukoo mmoja na mkangazi wetu, zimepangwa kwa urefu, na kati yake kuna mistari myembamba ya rangi nyepesi. Ifuate mistari hiyo kwa jicho hadi puani. Ikiwa imekwenda sawa bila kuyumba, fundi alikuwa fundi.

Kisha nenda nyuma. Kwenye boti nzuri, mbavu karibu na tezi hazisimami wima. Zinalalia ndani kwa juu, kama mtungi unavyojikusanya kuelekea shingoni. Umbo hilo ni kazi ngumu kwa mbao, na ndilo linaloifanya boti ionekane imekaa majini badala ya kuelea tu.

Halafu vanishi. Hupakwa tabaka juu ya tabaka, yapata 20 kwenye boti za Sarnico, na kila tabaka husuguliwa kabla ya linalofuata. Weka kiganja chako juu yake bila kugusa. Ukiuona mkono wako wazi, mpaka mistari ya vidole, hapo pana kazi ya mtu. Ukiona ukungu tu, boti imechoka, au imepakwa haraka haraka kwa ajili ya msimu.

Bila kugusa, nimesema. Pete na saa hukwaruza.

Mavazi na mzigo

Vaa nguo nyepesi ya rangi moja au mbili. Kitani ni kizuri na kujikunja kwake si aibu. Epuka mkanda wenye chuma kikubwa na jinzi yenye vifungo mfukoni nyuma. Vinachana ngozi ya viti, na ngozi ile si ya kushonewa mtaani.

Beba kitu cha kujifunika. Hata Julai, boti ikishika kasi upepo unapenya. Hapa wewe una silaha ambayo Mwitaliano hana: kanga. Ni mtandio, ni shuka la kukalia, ni kivuli cha mtoto, ni taulo. Ifunge kichwani kwa fundo la nyuma ya shingo, si chini ya kidevu, haitang'oka. Kofia pana iache nyumbani, au ikalie.

Krimu ya jua ipake hotelini, nusu saa kabla. Mafuta yake huacha madoa kwenye ngozi nyeupe, na alama ya makalio yako itabaki pale baada ya wewe kuondoka.

Chukua mfuko laini wa kitambaa. Sanduku la magurudumu halina nafasi humu. Kama umetoka nalo uwanja wa ndege, liache mahali pa kuhifadhi mizigo.

Kupanda

Vua viatu. Hutaambiwa na kila nahodha, wengine wana haya, lakini wewe vua. Kwetu viatu vinabaki mlangoni, na sitaha ya mahogani ni mlango tosha. Kisigino chembamba kimoja kinaweza kuharibu kazi ya wiki.

Sema "Permesso?" kabla ya kuweka mguu. Ndiyo hodi yao. Utajibiwa "Prego", yaani karibu. Neno hilo moja litakupa heshima kuliko sentensi kumi za Kiingereza.

Kisha pokea mkono wa nahodha. Usijitie ujasiri. Kanyaga pale atakapokuonyesha, kwa kawaida ndani na karibu na katikati, kamwe si ukingoni. Usiruke. Usikanyage kiti. Mguu mmoja, mguu wa pili, kaa. Anayesimama kutafuta pozi la picha kabla wenzake hawajakaa ndiye huifanya boti ilale upande mmoja.

Gaweni uzito. Watu wazito wawili wakikaa upande mmoja, boti itakwenda imeinama safari nzima, na hata mbao bora duniani haipendezi ikiwa kichwa upande.

Ukishika usukani mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Umekodi ile ya farasi 40, mwenye boti amekuonyesha kila kitu kwa dakika tano, nawe umeitikia "sì, sì" bila kusikia hata nusu. Msimamishe. Mwombe akuonyeshe tena mambo haya.

Kamba nyekundu. Inafungwa mkononi au mguuni mwako, na ukianguka inazima injini. Ifunge. Wengi huiona kama pambo.

Wenzo wa gia. Katikati ni nyutro, mbele ni mbele, nyuma ni rivasi. Kila unapobadilisha, pumzika kidogo kwenye nyutro. Ukisikia injini inagonga kwa hasira, umeharakisha.

Mwambie pia akuonyeshe kwenye ramani wapi unatakiwa kwenda polepole na wapi hupiti kabisa, na jaketi okozi ziko wapi. Zihesabu. Mtoto avae yake tangu gatini.

Kumbuka boti haina breki. Unapotaka kusimama, umechelewa. Punguza mapema, iache ijiendee, kisha igusishe rivasi kidogo mwishoni.

Kumbuka pia boti hugeukia nyuma. Ukikata usukani kulia, tezi inakwenda kushoto. Ndiyo maana wageni hugonga gati wakati wa kuondoka: wanakata kona kama wako kwenye gari, pua inatoka, nyuma inapiga ukuta. Isukume boti kwanza itengane na gati, nenda mbele polepole ikiwa imenyooka, kata kona ukishakuwa na nafasi.

Ukifika maji mapana, chagua mwendo mmoja kati ya miwili. Ama taratibu kabisa, pua ikiwa chini na maji yakipasuka bila kelele. Ama kasi ya kutosha hadi boti inyanyuke na kuteleza juu ya maji. Mwendo wa katikati ndio mbaya: pua inaangalia mbinguni, wewe huoni mbele, mafuta yanakwisha, na nyuma unaacha mawimbi ya kumwagia watu kahawa gatini. Ukiona pua imepanda na haishuki, ongeza au punguza. Usibaki hapo.

Mapira ya ubavuni yana sheria yake, na hii ndiyo siri ya kumjua mwenyeji kutoka mbali. Yanashushwa unapokaribia gati, yanapandishwa mara tu unapoondoka. Safari yangu ya kwanza niliyaacha yakining'inia, yakipiga maji pa-pa-pa njia nzima kutoka Bellagio hadi Lenno. Mzee mmoja aliyekuwa anavua samaki hakusema neno. Alinyoosha kidevu kuelekea ubavu wangu, basi. Tangu siku hiyo nayapandisha kabla hata sijaweka miwani.

Feri na boti kubwa za abiria hazikupishi, wewe unazipisha. Usipite mbele ya pua yake ukidhani utawahi. Mawimbi yake yakija, punguza mwendo na uyapokee kwa pua, kwa mshazari kidogo. Ukiyaacha yakupige ubavuni, kila kilichoko mezani kitakuwa mapajani.

Karibu na ufuko, karibu na waogeleaji, karibu na mtumbwi wa mvuvi: taratibu. Na muziki uzime. Sauti husafiri juu ya maji, na simu yako inasikika kwenye baraza za watu.

Kuegesha ni kama ifuatavyo. Tazama bendera au majani uone upepo unatoka wapi, na ukaribie ukiuelekea, kwa sababu utakusaidia kusimama. Mapira chini. Kamba mkononi, imekunjwa vizuri. Njoo kwa mshazari, polepole kuliko unavyodhani inafaa, kisha polepole tena. Ukibakisha urefu wa boti moja, weka nyutro. Mtu wa mbele ashuke kwa hatua, asiruke. Asitie mguu wala mkono kati ya boti na ukuta, hata kwa sekunde. Boti ndogo nayo ni nzito.

Umekosea? Rudi nyuma, zunguka, anza upya. Manahodha wa miaka 30 hufanya hivyo. Anayechekwa ni yule anayelazimisha kwa kuongeza moto.

Mahali pa kupita

Ukitoka Varenna, vuka moja kwa moja hadi Lenno ukaione Villa del Balbianello. Imekaa kwenye rasi yenye miti, na ilijengwa kuonekana kutoka majini, kwa hiyo uko mahali sahihi. Ndimo zilimopigwa baadhi ya picha za Casino Royale, ile ya 2006. Mwenyewe wa mwisho, Guido Monzino, alikuwa mvumbuzi wa milima na barafu. Mwaka 1973 aliongoza msafara wa kwanza wa Waitaliano kufika kilele cha Everest. Villa hii aliiachia FAI, taasisi ya kuhifadhi urithi wa Italia, nayo inaitunza. Ukitaka kuingia, nunua tiketi mapema na uulize siku za kufungwa.

Zima injini mbele yake. Dakika tatu, bila kuzungumza. Hapo ndipo utakaposikia mbao ya boti ikinong'ona na maji.

Kisha pita nyuma ya Isola Comacina, kisiwa cha ziwa hili, taratibu. Rudi kwa kuambaa Tremezzo. Angalia chini ya majumba makubwa: utaona matao meusi yaliyofunguka usawa wa maji. Ni vyumba vya boti. Kwa watu wa hapa gari lilikuja baadaye. Njia yao ya kwanza ilikuwa ziwa, ndiyo maana sura ya nyumba imegeukia huku.

Mnataka kuogelea? Injini izimwe kwanza, ufunguo utolewe, ngazi ishushwe, ndipo mtu aingie. Mtu mmoja abaki ndani ya boti. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 400 na baridi yake si ya Bahari ya Hindi. Ingia kwa ngazi, acha kujitupa. Ukipanda, jikaushe ukiwa umesimama kabla ya kugusa viti. Kanga tena.

Chakula ndani ya boti kiwe kikavu na cha rangi nyepesi. Biskuti, zabibu za kijani, maji. Divai nyekundu na ngozi nyeupe havijawahi kupatana.

Mkirudi, ngoja nahodha afunge kamba zote mbili, mbele na nyuma, kabla hujainuka. Bahashishi si lazima. Ukiridhika mpe noti mkononi wakati wa kuagana, bila kuihesabu mbele za watu. Kama bado una saa mbili na roho inataka zaidi, kaskazini mwa ziwa, Pianello del Lario, kuna jumba la makumbusho la boti za Lario, ambalo ndilo jina la kale la ziwa hili. Angalia saa zake kabla ya kwenda, maana linafuata msimu.

Viatu vyako viko gatini, pale ulipoviacha. Kwenye treni ya kurudi Milano kaa dirisha la kulia. Ziwa litakufuata, likipotea kwenye mahandaki na kurudi tena, mpaka Lecco.